Chuma Kwenye Kona ya Nyumba

Mwezi uliopita binti yangu alitoa uvunguni jiko lake la umeme, ambalo halikuwashwa tangu masika, akalichomeka. Harufu ya vumbi linaloungua ikanifuata mpaka barazani nilikokuwa nachambua mchicha. Nikauacha mchicha. Harufu ile kwangu si ya jiko. Ni ya sebule yetu ya kijijini Ihumwa wakati wa jioni, na ya hofu niliyokuwa nayo ambayo sikujua niielekeze kwa nani.

Nayaandika kama ninavyoyakumbuka. Niliishia darasa la saba na mambo ya umeme sikuyasoma, kwa hiyo anayejua zaidi anivumilie. Tena nilikuwa mtoto mwenye kushuku kila mtu, na sina hakika kama yote niliyoyaona yalikuwepo.

Ilikuwa miaka ile mambo yalipoanza kufunguliwa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa, na mitumba ikaingia, si nguo peke yake bali hata vyombo ambavyo Wazungu walikuwa wamevichoka. Na wakati huohuo watu wakawa wanapunguzwa kwenye mashirika. Kwetu hayo mawili yaliingia kwa mlango mmoja: Bwana Elia, aliyepunguzwa kazi Dar es Salaam akaja kuipigia kwaya yetu gitaa, na amplifaya yake ya kukuza sauti.

Lilikuwa sanduku kubwa, kama kabati la vyombo lililokatwa miguu. Mbele lina kitambaa cha kahawia, nyuma liko wazi, na ndani mna vioo vimesimama kama vichupa vya dawa. Elia aliviita vali. Ukiliwasha halisemi neno. Vile vioo huanza kuwa vyekundu taratibu, kama kaa linalopulizwa na mtu asiye na haraka, kisha inakuja harufu ya vumbi, halafu mvumo mdogo. Hapo ndipo gitaa linasikika. Redio yetu ilisema mara tu ukiigusa. Hili kwa nini linafikiri kwanza?

Liliwekwa kwetu kwa sababu kanisani hapakuwa na umeme, na kwetu marehemu baba aliuvuta kabla hajafariki. Kwaya ikawa inafanyia mazoezi sebuleni, na mama ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo. Mtu anayenisoma lazima alijue hili: baba aliugua ugonjwa ambao hospitali haikuutaja jina, na tangu tumzike mama alikuwa kimya kama nyumba iliyofungwa. Alipoanza kuimba mbele ya lile sanduku ndipo nilipomsikia tena akicheka jikoni. Kwa hiyo nililipenda sanduku, na nikaliogopa, kwa sababu nilishaona namna mtu anavyoweza kuondoka.

Tuliishi na Shangazi Debora, dada yake baba. Alikuja msibani akiwa na kikapu kimoja na hakurudi kwake. Yeye na mimi tulishirikiana kumchunguza Elia.

Na Elia alichunguzika. Kwanza, alikuwa na masharti. Lisiwashwe kabla waya wa spika haujaunganishwa. Nyuma yake lisisogezwe ukutani, linataka kupumua. Likizimwa lisibebwe mpaka lipoe. Mtu asiingize mkono ndani, hata kama limechomolewa, maana umeme unabaki humo.

"Umechomoa, halafu umeme umebaki," Shangazi alisema. "Huo ni umeme wa wapi, baba?"

"Unabaki, mama. Unakaa tu humo unasubiri."

"Unamsubiri nani?"

Elia akaanza kukaza nyuzi za gitaa. Huo ndio uliokuwa ubaya wake, na nasema hivi bila kumwonea: hakupenda kueleza. Swali la pili lilimchosha.

Jambo la pili ni kitambaa. Kila nyumba yenye heshima ilifunika redio yake kwa kitambaa cha kufuma, na Shangazi alilifumia sanduku kimoja kikubwa, cheupe, chenye maua ya waridi pembeni. Elia alikiondoa, akakikunja vizuri, akakiweka kitini. Siku iliyofuata Shangazi akakirudisha, na Elia akakiondoa tena. Alisema kitaungua. Shangazi alisema humo ndani ameficha kitu kinachotaka kuona nje.

Halafu ikaja jioni ile. Sakafu yetu ilikuwa ya udongo, na kama ilivyo desturi wageni wakija, Shangazi alikuwa amenyunyiza maji ili vumbi litulie. Wanakwaya waliacha viatu mlangoni. Mama akasimama pekupeku, akakisogelea kipaza sauti, kile cha zamani chenye wavu wa chuma. Hakufikisha hata neno la kwanza. Alirudi nyuma ghafla, mkono mdomoni.

"Kimeniuma," alisema, kama anayesimulia jambo la mtu mwingine.

Elia aliruka akachomoa waya ukutani. Niliuona uso wake, na mpaka leo siwezi kuapa ulikuwa uso wa mtu aliyeogopa au aliyefumaniwa. Alitazama sakafu iliyolowa, akatazama soketi. Akasema tundu la tatu pale ukutani ni pambo tu, halina waya nyuma yake. Akasema tusinyunyize tena maji ndani, watu wavae ndala, na mama asiimbe mpaka yeye atengeneze.

Kesho yake asubuhi mama alikuwa shambani. Elia alikuja na fimbo ya chuma iliyonifika kifuani, kifurushi cha chumvi na mkaa kwenye gunia. Alitusalimia, hilo alilifanya, lakini hakuomba ruhusa. Akaenda kwenye kona ya nyumba, chini ya dirisha la sebule, akaanza kuchimba. Ardhi yetu wakati wa kiangazi ni kama tofali. Alichimba huku akinong'ona kwa lugha ya kwao, Kisandawe, ile ya kugongagonga ulimi kinywani. Baadaye alisema alikuwa akiyatukana mawe. Akapigilia chuma, akakizungushia mkaa na chumvi, akamwaga maji, akafukia. Waya ukapita dirishani mpaka kwenye sanduku.

Shangazi alinishika bega kwa nguvu. "Umeona, Yunisi. Ndani hataki maji. Nje anayamwaga."

Wewe unayesoma huenda unacheka. Lakini jiweke pale: nyumba iliyotoka msiba, mwanamke ameumwa mdomoni na sanduku, na asubuhi yake mwanamume mgeni anazika chuma, chumvi na mkaa kwenye kona bila kuomba ruhusa. Mimi sikucheka. Usiku nililala nimeukamata upande wa khanga ya mama.

Jumapili Shangazi alimleta Mzee Yeremia, mzee wa kanisa, na nusu ya kwaya nyuma yake. Alisema mbele ya wote: kitu kile kifukuliwe, na Elia aondoke na sanduku lake. Mama alisimama mlangoni. Macho yake hayakuwa kwa Elia wala kwa Shangazi, yalikuwa kwenye dirisha ulikopita waya.

Kikafukuliwa. Kilipotoka na mkaa wake na chumvi yake, watu walirudi nyuma hatua.

"Elia, mwanangu," alisema Mzee Yeremia, "chumvi ni ya nini?"

"Udongo wa hapa ni mkavu, mzee. Umeme ukipotea njia unatafuta ardhi. Hii ni ya kuuonyesha ardhi ilipo. Chumvi na mkaa vinashika unyevu."

"Na redio yangu? Mbona haijaomba chumvi?"

"Redio yako ya betri, mzee."

Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Mambo yalikuwa yanamwendea vibaya Elia, maana kila alilosema ndilo mganga naye angelisema. Nadhani yeye mwenyewe aliliona hilo. Akakiokota kile chuma akampelekea Shangazi kwa mikono miwili, kama anayempa sahani.

"Basi kizike wewe, mama. Mahali utakapo. Chumvi ya jikoni kwako, mkaa wa jikoni kwako. Mimi nitasimama kule barabarani."

"Nisipotaka?"

"Nitalibeba sanduku. Lakini mama Yunisi hatalisogelea bila chuma hiki ardhini. Nikiwa hapa sitakubali."

Shangazi alikigeuza chuma, akakinusa. Wallahi alikinusa. Kisha akaniambia, "Lete jembe." Alichagua kona nyingine, upande wa jikoni, akachimba mwenyewe huku akiomba kwa sauti ili chochote kilichomo kisikie. Elia alisimama barabarani kama alivyoahidi, kisha akarudi akauunganisha waya huku wote wakimtazama mikono.

Mama akavaa ndala. Sakafu ilikuwa kavu, vumbi linatimka. Vioo vikawa vyekundu, harufu ikaja. Elia alikigusa kwanza yeye kipaza sauti, kwa nyuma ya kidole. Kisha mama akakisogelea, akasita pale pale iliposita midomo yake siku ile, akaimba.

Hakikumuuma.

Ningependa kuandika kwamba tangu hapo Shangazi alimwamini Elia. Hakumwamini. Kila mazoezi alikaa kiti cha karibu na soketi. Na kila jioni, kiangazi chote, alitoka na kopo akaenda kumwagia pale alipokifukia chuma. Maji tuliyafuata mbali kwa ndoo, na tulikuwa tukifulia hayohayo tuliyonawia, lakini kopo la kona halikukosekana. Mimi niliamini anapalinda, Elia asije akabadilisha kitu. Elia mwenyewe alikuja kurudi kwao upande wa Chemba, sanduku akaliachia kwaya, na Shangazi akaendelea kumwagia. Nikamuuliza, nikiwa nimeshakua kiasi cha kuuliza: "Shangazi, si ulisema ni uchawi?"

"Sijasema si uchawi," alijibu. Akamimina mpaka tone la mwisho, akalikung'uta kopo. "Ila mama yako anaimba leo."

Nilipoolewa na kupata watoto ndipo nilipolielewa jibu hilo, au nadhani nimelielewa. Alikuwa amemzika kaka yake bila kujua kilichomuua. Hakuwa na mtu wa kumwamini tena, sanduku wala fundi wake, na hata wifi yake sidhani. Lakini alichoona kimemkinga mama hakukiacha kikauke, hata alipokuwa bado anakiogopa.

Nilimwambia binti yangu asogeze jiko mbali na ukuta na avae ndala. Akaniuliza kwa nini. Nikaona nimweleze.