Dishi la Kumtazamia Ainebyona

Nyumba ya Evangelina ni ya mwisho kabisa Songambele. Ukishaipita hukuti tena mji wa mtu, ni mteremko na majani marefu hadi mtoni, na ng'ambo ni vilima vya Rwanda. Bodaboda wengi hawafiki huko. Hukuteremsha kwenye kilima cha mwisho na kukuambia umalizie kwa miguu, nauli wamekwisha kuitia mfukoni. Kwa hiyo mwanamke huyo wa miaka sitini na miwili alipotangaza kwamba anafunga dishi la televisheni, watu walicheka wakashika mbavu. Umeme hana. Mumewe, mzee Byarugaba, ana mtoto wa jicho macho yote mawili, haoni ila mwanga na kivuli. Walimuuliza televisheni hiyo ataitazama nani. Watu hao hao ndio waliobeba jeneza la mwanawe, na wangefikiri kidogo tu wasingeuliza.

Ainebyona alikuwa kitinda mimba wao, na ndiye pekee aliyebaki nyumbani. Alikufa mwaka juzi mwezi wa tatu, kwa homa ya siku nne, akiwa na miaka ishirini na minne. Picha zake zote zilikuwa kwenye simu, na namna ya kuifungua aliijua peke yake. Mtengeneza simu mmoja alijisifu kwamba kwake hakuna simu inayoshindikana. Akabonyeza hiki, akabonyeza kile, simu ikafunguka kweli, ikiwa tupu kabisa, kila kitu kimefutika. Kilichobaki ni kitambulisho cha kupigia kura, kipicha kidogo cha kijana aliyekaza macho kama anayesubiri kuchomwa sindano.

Hilo Evangelina angeweza kulivumilia. Kilichomvunja ni siku moja ya kuchuma kahawa, alipotaka kukumbuka jinsi mtoto yule alivyokuwa akimwita kutoka nje ya ua. Maneno aliyakumbuka yote. Sauti haikuja. Alisimama na kikapu chake kati ya mibuni, akajaribu tena na tena, na hofu aliyoipata siku hiyo ilikuwa kubwa kuliko ya siku ya mazishi. Aliona mtoto wake anakufa tena, safari hii ndani ya kichwa chake mwenyewe.

Ndipo Joviana alipopiga simu. Huyu ni mtoto wa kaka yake Evangelina, anaishi Kaisho, na si mtu wa kutunga maneno. Alisema Jumapili saa tisa alasiri alikuwa mgahawani, kipindi cha kwaya kinaendelea, mara ikatokea kwaya ya usharika wao, iliyorekodiwa mwaka mmoja kabla ya msiba. Ainebyona alikuwa mstari wa tatu, kati ya wenye sauti ya besi, mzima kabisa, anaimba. Kituo kile kina desturi ya kurudia nyimbo zake. Evangelina alimwomba ndugu mmoja akae na mumewe, akaenda Kaisho Jumapili mbili mfululizo. Zote mbili mwenye mgahawa aliweka mpira, na alipoombwa kwa heshima kabisa abadilishe kwa nusu saa tu, aliuliza kama mama huyu ameagiza hata chai.

Evangelina akauza mtamba wake. Fundi Rwezaura, mtu wa Muleba mwenye duka la redio Kaisho, alikuja na dishi, king'amuzi, televisheni ndogo, betri na sola, vitu vyote vimefungwa kwenye pikipiki mbili. Alikuwa fundi mwenye maneno mengi lakini mkono wake ulikuwa safi. Alieleza kwamba chaneli za dishi hili ni za bure, hazilipiwi kila mwezi, na kwamba huku kwetu setilaiti iko karibu utosini, kwa hiyo dishi haliangalii pembeni, linalala chali. Alitoboa tundu dogo chini yake ili mvua isituame. Bomba alilokuja nalo lilikuwa fupi, akalichimbia uani kwenye zege, na dishi likakaa usawa wa kiuno. Kisha akashika kipimo chake, akalisogeza kwa vidole, unywele kwa unywele, mpaka kipimo kikalia. Alipoondoka aliwaonya wasiliguse, likiyumba kidogo tu picha inapotea. Evangelina aliyasikia maneno hayo. Byarugaba wakati huo alikuwa ndani amelala.

Jumapili ya kwanza ilinyesha mvua kubwa, kioo kikaandika kwamba hakuna mawimbi. Ya pili ziliimba kwaya za Dodoma na Moshi. Evangelina hakukata tamaa. Alikuwa amejiwekea kwamba siku yoyote itakuwa ndiyo, na kila Jumapili alipiga deki, akavaa gauni la kanisani, akamketisha mumewe kwenye kiti cha mbele ingawa kwake mbele na nyuma vilikuwa sawa.

Ulikuwa wakati wa kuvuna maharage. Tangu macho yake yalipofunga, Byarugaba alikuwa anaona aibu ya kula bila kufanya kazi, na alitafuta kila namna ya kusaidia. Jumamosi moja mkewe alikwenda kisimani. Maharage yalikuwa kwenye gunia uani, yameanza kupata unyevu, na kuku walikuwa wanalitoboa. Yule mzee alipapasa huku na huku atafute pa kuyaanika. Mikono yake ikakuta kitu kipana, laini, kimelala chali mahali ambapo kuku hawafiki, kina tundu chini la kutolea maji. Alifurahi. Alidhani fundi amewafikiria hata kwa mavuno. Akamimina debe zima, akayatandaza vizuri kwa kiganja, kisha akayafunika kwa majani ya mgomba yasipigwe na umande.

Mkewe alirudi giza limeingia, na kesho yake akawahi kanisani bila kupita upande ule wa ua, naye mzee hakumwambia. Alitaka mkewe aje ayakute makavu, afurahi.

Jumapili saa tisa Evangelina aliwasha. Hakuna mawimbi. Akazima, akawasha tena. Mbingu zilikuwa nyeupe, hakuna hata wingu. Simu ikalia, alikuwa Joviana, naye anazungumza kwa kupaza sauti juu ya kelele za mgahawa.

“Shangazi, mnamwona? Yupo sasa hivi. Yupo.”

Evangelina alitoka mbio. Aliyaona majani ya mgomba, akayafunua, akayakuta maharage, na bomba limeinama kwa uzito. Akayakumba yote chini kwa mikono miwili, akalisukuma dishi huku, akalivuta kule, akirudi mlangoni kuangalia kioo, akirudi tena uani. Simu ilikuwa bado iko wazi mezani, na kutoka ndani yake, mbali, kwa mkwaruzo, wimbo ulikuwa unaimbwa. Alipoishika ili asikilize angalau hivyo, watu wa mgahawani walikuwa wanapiga makofi. Wimbo ulikuwa umekwisha.

Byarugaba alikuwa amesimama mlangoni. Alikwisha kuelewa kutokana na mlio wa maharage yakimwagika.

“Nimemzika mara ya pili,” alisema.

Evangelina alimjibu kwamba hakukusudia. Lakini hakumshika mkono kumrudisha ndani, na mzee alirudi peke yake akipapasa ukuta. Kuanzia siku hiyo aliacha kula. Alikuwa akipokea sahani kwa adabu, akiishikilia kidogo magotini, kisha akiirudisha. Alisema ameshiba. Mwili ulimwisha mpaka mkanda ukahitaji tundu jipya, na mkewe akaanza kuhesabu upya ni watu wangapi atawapoteza katika nyumba ile.

Rwezaura alichelewa wiki tatu kwa sababu ya matope. Alirekebisha dishi, akamtania mzee kwamba aketi nalo mbali, na mzee hakucheka. Jumapili zikaenda. Evangelina alizijua sasa sare za kwaya za nchi nzima. Kisha, mwezi wa tatu, mtangazaji akataja usharika wao, akasema wametuletea nyimbo mpya.

Evangelina hakulisikia neno la mwisho. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kioo. Mashati yaliyotokea yalikuwa ya samawati, na katika mstari wa tatu aliona lile alilolitafuta. Lilikuwa na vipande viwili mikononi vya samawati iliyokolea, ambavyo alivishona yeye mwenyewe, maana Ainebyona alikuwa na mikono mirefu na sare ilimwishia juu ya vifundo. Alipandisha macho polepole kutoka kwenye mikono hadi kwenye uso. Uso ulikuwa wa kijana mwingine, mfupi, wa kupendeza, ambaye hajawahi kumwona.

Akakumbuka. Sare ni mali ya kwaya. Siku ya kuanua matanga alikuwa amelifua shati lile, akalipiga pasi ya mkaa, akalikabidhi kwa mwenyekiti mbele ya watu. Lilipewa mwimbaji mpya, kama ulivyo utaratibu, na hakuna aliyemkosea.

“Yupo?” Byarugaba aliuliza nyuma yake.

Mikono ya mzee ilikuwa juu ya magoti, myembamba, imebaki mishipa.

“Yupo, Baba Ainebyona.”

“Mstari wa tatu?”

“Wa tatu.”

Aliinua kidole kumnyamazisha, akainamisha kichwa, akasikiliza. Machozi yalimtoka yakafuata mikunjo ya uso. “Besi hiyo ni yake,” alisema. “Mimi sauti ya mwanangu siwezi kuikosea.”

Jioni hiyo alikula ndizi na maharage, akaomba aongezwe. Kesho yake Joviana alipiga simu, na Evangelina akaenda kuipokelea mbali, katikati ya migomba. Joviana alisema pole, akasema ameuliza kituoni, wimbo wa zamani wameuondoa, hawataurudia tena. Evangelina alisema asante, akarudi kumenya ndizi.

Sasa Byarugaba ana nguvu. Jumapili ikifika saa nane huomba koti lake, huketi, na kumhimiza mkewe awashe wasije wakamkosa mtoto. Kila kwaya inapoanza huuliza kama yupo, na Evangelina hujibu yupo, hata zinapoimba kwaya za mikoa ambayo Ainebyona hakuikanyaga. Naye anapokuwa peke yake kwenye kahawa, bado hujaribu kuisikia ile sauti ikimwita kutoka nje ya ua. Siku hizi inakuja upesi, nzito na wazi, inamwita mama, na ni sauti ya yule kijana mgeni.