Mkwe Wangu na Dawa ya Samaki

Nitaanza na aibu yenyewe ili isije ikawashtua njiani: mimi ndiye mtu aliyempokonya mama mkwe kikombe cha chai mkononi, kwa nguvu, mbele ya watu wa pande zote mbili, na kabla ya hapo nilikuwa nimeshamnywesha mumewe maji ya samaki wagonjwa. (Ndiyo, mumewe. Baba mkwe. Ngojeni.) Kwa wasiojua mambo ya kwetu Ukambani, mama mkwe si mtu wa kusogelewa. Humshiki mkono, humtazami usoni, na mkikutana kwenye kijia chembamba mmoja wenu anaingia kichakani ili mwenzake apite. Hiyo ndiyo nthoni, heshima ya wakwe, na ukiivunja unalipa mbuzi. Mimi sikuivunja tu, niliipasua.

Yote yaliletwa na samaki wawili wa kuongeza.

Nilizaliwa Nuu, ambako maji hutafutwa kama ng'ombe aliyepotea, na labda ndiyo sababu nilipopata kazi ya ualimu na nyumba ya kupanga hapa mjini Wote, kitu cha kwanza nilichonunua baada ya kitanda kilikuwa tangi la kioo lenye samaki, maji yaliyokaa sebuleni bila kazi yoyote ila kupendeza, na jioni jua likiyaingia yalikuwa yanatetemesha mwanga ukutani mpaka ninasahau sufuria jikoni. Ndanu, mchumba wangu, alilipenda tangi hilo akalisifu kwao Kilungu, na mama yake akatuma neno kwamba siku watakapokuja kuona mahali binti yao atakapokaa, angependa kuwaona hao samaki. Mama mkwe mwenyewe! Nikawatazama samaki wangu wanne wa rangi ya chungwa, nikawaona wachache, wanyonge, kama familia isiyo na jamaa, nikaenda Machakos kuongeza wawili.

"Mwalimu," muuzaji aliniambia, "hao usiwachanganye na wenzao kwanza. Watenge kwa beseni mpaka uone hawana kitu."

Nikasema sawa, nikafika nyumbani, nikawamimina wote ndani. Beseni ningelitolea wapi, na wageni wako njiani?

Siku chache baadaye mmoja wa samaki hao wapya alianza kujikuna kwenye mawe, ubavu huu, ubavu ule, na nilipowasha taa nikaona vidoa vyeupe kwenye mapezi yake, vidogo kama chembe za chumvi. Kesho yake wote sita walikuwa navyo. Walipanda juu wakawa wanahema midomo nje, na mmoja alikuwa amelala chini akipepesa shavu lake taratibu sana, na mimi nimepiga magoti mbele ya kioo kama mtu kanisani. Nilimtumia muuzaji picha. Alicheka kwanza (alikuwa na haki), kisha akanieleza: ongeza joto la maji, tia chumvi, tia dawa ile ya buluu matone machache, na kila siku uchote sehemu ya maji uweke mengine, maana wadudu wa ugonjwa huo hujificha chini. Nikafanya yote. Dawa ilishuka ndani ya maji kama moshi, ikatawanyika, ikaacha rangi ya anga la asubuhi. Kwenye chupa yake palikuwa na mchoro wa samaki na maandishi madogo ya kuonya kwamba binadamu asiinywe, nami nikajiuliza ni mjinga gani huyo anayehitaji kuonywa.

Sasa sikilizeni kosa. Asubuhi ya siku ya wageni nilichota maji ya tangi mtungi mzima wa njano. Mtu mwingine angeyamwaga. Lakini mimi mtoto wa Nuu nimwage maji? Kwetu maji ya kuoga husafisha sakafu, ya sakafu hulaza vumbi uani, na hakuna tone linalokufa kifo kimoja. Nikauweka mtungi nje ya mlango wa choo ili tuyatumie chooni, nikaondoka kwenda kununua soda.

Nyuma yangu Ndanu akapita, akaona mtungi unaziba mlango ambao mama yake huenda akauhitaji, akausogeza jikoni pamoja na mitungi mingine. Nyuma ya Ndanu akaingia mama yangu, ambaye alikuwa ametoka Nuu kuja kupika, akashika sufuria kubwa ya chai, nyeusi kwa masizi isiyoonyesha rangi ya maji, akamimina kutoka mtungi uliokuwa karibu. Hakuna aliyekosea, mkitazama vizuri, isipokuwa mimi.

Wageni wakafika: baba mkwe na kofia yake, mama mkwe na leso mabegani, na mjomba Kilonzo, ambaye ndiye msemaji wao na ndiye mwenye gari. Mama mkwe akachagua kiti cha mbali kabisa na mimi, kama ipasavyo, akalitazama tangi kutoka hapo. Maji yalikuwa ya buluu, samaki wanaelea kwa huzuni.

"Ndanu," alisema bila kunigeukia, "muulize mwenye nyumba kwa nini samaki wake hawachezi."

"Mwambie mama wamechoka," nilimwambia Ndanu, naye alikuwa amesimama katikati yetu na sinia ya chai, akiuma mdomo asicheke.

Chai ikagawiwa. Baba mkwe akapiga funda la kwanza, akasimamisha kikombe hewani.

"Hii maji yenu ni ya kisima?"

"Hapana, mzee. Ni ya mvua."

"Mvua ya Wote inanyesha na chumvi?"

Mjomba Kilonzo akacheka, baba mkwe akapiga funda la pili kuhakikisha, na mimi nikaligeukia tangi. Chumvi. Nikajisingizia kwenda kuleta mkate, nikaingia jikoni.

"Mwaitu," nilimnong'oneza mama, "maji ya chai umetoa wapi?"

"Kwa huo mtungi. Kwani yana mwenyewe?"

Niligeuka. Kutoka mlango wa jikoni nilimwona mama mkwe akiinua kikombe chake, anakipuliza, mvuke unampanda usoni, na hapo ndipo nthoni iliponing'ang'ania kwa mikono miwili. Kumpigia kelele mama mkwe hakufanyiki. Kumtaja kwa jina hakufanyiki. Kumwambia Ndanu amwambie kungechukua muda ambao midomo ile haikuwa nao. Nikaruka meza. (Mjomba Kilonzo husema niligonga sahani ya mandazi kwa goti, mimi siikumbuki.) Nikakishika kikombe, vidole vyangu juu ya vidole vyake, nikakivuta, naye kwa mshtuko akakivuta, na chai ikatugawanya: nusu kwenye leso yake, nusu kwenye shati langu.

Nilikuwa nimesimama mbele yake na kikombe kitupu, nikimtazama usoni kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na macho yake yalikuwa yamemtoka pima.

"Kulikuwa na nzi," nikasema.

Uongo mwepesi, mnaona, wa kumaliza mambo. Lakini baba mkwe akachungulia ndani ya kikombe chake, akatikisa kichwa, akasema, "Kwangu hakuna," na akanywa tena. Funda refu. Nami nasimama pale nikimtazama koo lake likipanda na kushuka, nikijua kilicho ndani, na kikombe kinainuka tena.

"Mzee usinywe!" nilipiga kelele. "Ni maji ya samaki! Ni wagonjwa! Nimewatilia dawa!"

Ndanu alidondosha sinia. Mama yangu akatoka jikoni na mikono kichwani. Baba mkwe aliweka kikombe chini taratibu kana kwamba kingelipuka.

"Dawa gani?" mjomba Kilonzo aliuliza, na mzaha ulikuwa umemtoka sautini.

Nikaleta chupa. Akasoma maandishi madogo, akasimama, akatafuta funguo za gari. Mama mkwe akaingia nyuma na mumewe na Ndanu, na mimi, kwa kuwa singeweza kupanda gari moja na mama mkwe (sasa ndipo nikakumbuka heshima!), nikasimamisha bodaboda, nikawafuata mbio na chupa ya dawa ya samaki mkononi, shati limelowa chai, nikiomba Mungu kwa lugha zote ninazozijua. Njia nzima niliona kofia ya baba mkwe kwenye kioo cha nyuma, na kila ilipoinama nilidhani ameanguka.

Kwenye zahanati muuguzi alinizuia mlangoni.

"Wewe ni nani wa mgonjwa?"

Swali dogo. Nilifungua mdomo. Mkwe? Baada ya yale? Nilimtazama Ndanu, Ndanu akamtazama mama yake, mama yake akatazama ukuta, nami nikajua kwamba jibu langu halikuwa langu tena. Ndipo baba mkwe akajibu kutoka ndani, akiwa amekalia kitanda:

"Huyo ni mwenye samaki."

Mwenye samaki. Si mkwe, si kijana wetu, hata si mwalimu.

Daktari alisoma chupa, akauliza nilitia matone mangapi katika maji kiasi gani, akampima mzee presha na kumbonyeza tumbo, akasema kiasi kile kilikuwa kidogo mno kumdhuru, anywe maji mengi na akisikia vibaya arudi. Nikakaa sakafuni. Mama mkwe hakukaa. Alifunga leso yake yenye doa, akasema, "Ndanu, chukua mkoba wako, tunaenda," na Ndanu akaenda, bila kuniaga, na gari likapanda barabara ya kwao huku chakula cha mama yangu kikipoa mezani bila mtu.

Muda ukapita bila neno. Wale samaki wawili wa Machakos walikufa, wanne wa mwanzo wakapona wakaanza tena kukimbizana, na mimi nilikuwa ninawatazama nikiwachukia kidogo. Hatimaye mjomba Kilonzo akapiga simu: mbuzi mmoja, dume, wa kumwomba mama msamaha kwa kumgusa, na asiwe na doa hata moja jeupe. (Hiyo ya doa nadhani aliiongeza mwenyewe.) Nilimpeleka Kilungu kwa miguu kutoka barabarani, nikipanda mlima na mbuzi ananikokota, nikasimama nje ya uzio mpaka akapokelewa. Ndanu alitoka kufungua lango. Alijaribu kununa, akashindwa.

Tangu hapo nimeapa, na kiapo hiki nakishika: samaki mpya hutengwa, maji ya dawa humwagwa papo hapo hata kama majirani wananiona nimerukwa na akili, na mgeni hanywi kitu kwangu kabla sijakinywa mimi kwanza, nimesimama, kila mtu akiona.

Mama mkwe alikuja tena majuzi, sasa tukiwa tumeshaoana. Alikaa kwenye kiti kile cha mbali, na kutoka kwenye kikapu chake akatoa chupa kubwa ya chai aliyoipika Kilungu alfajiri, akamimina vikombe, cha mwisho akampa Ndanu.

"Mpelekee mwenye samaki," alisema, akitazama dirishani.

Kilikuwa cha moto, cheusi kidogo, na nilikinywa chote mpaka majani. Sikuuliza maji yametoka wapi.