Siku Nilipomtaja Baba Mkwe kwa Jina

Nilimwita baba mkwe wangu kwa jina, kwa sauti ya kufika mpaka ng'ambo ya korongo. Na mwenyewe alikuwa amekaa nyuma yangu anaota moto.

Kama umeolewa huku milimani Lesotho, hapo umeshashika kichwa.

Mke wa mtu hatamki jina la baba mkwe. Hata neno linalofanana nalo hulisemi, unatafuta la kuzungukia. Sasa mzee wangu alizaliwa siku ya theluji, wakamwita Lehloa. Kwa Kisotho maana yake ndiyo hiyohiyo, theluji.

Kwa hiyo tangu niolewe, theluji naiita "ile nyeupe". Nimezoea.

Ilikuwa mwezi wa tisa, mipichi imeshachanua, tunajua baridi imekwisha. Mara redio ikasema mvua kubwa inakuja nchi nzima. Mabondeni ilishuka mvua kweli. Sisi wa juu tulivuta mlango asubuhi tukakuta ukuta mweupe.

Tulikuwa wawili tu, mimi na mzee. Mume wangu Tseliso alikuwa Butha-Buthe, mji wa bondeni, anapakia unga kwenye gari, avuke mlima arudi nyumbani.

Simu yangu ilikuwa inakata roho. Nikampigia haraka.

"Tseliso, usije! Yule mwenye jina la baba ameanguka tangu alfajiri, amefunga njia!"

Mtandao unakatakata. "Nini? Baba ameanguka?"

"Siyo baba! Ni yule..."

"Nakuja sasa hivi!"

Simu ikazima.

Mzee akanitazama.

"Umemwambia mwanangu nimeanguka?"

"Nilimaanisha ile nyeupe, baba. Haraka imenichanganya."

"Ile nyeupe hukuitaja. Umenitaja mimi."

Mlima ule ukiwa na theluji haupandiki. Na Tseliso ninavyomjua, akisikia babake kaanguka atapanda hata kwa magoti. Nikaanza kuchimba kwa sufuria. Nikitoa kidogo, kingine kinaporomoka. Nikalia kama mtoto.

Kilichobaki wazi ni kidirisha kinachotazama kwa Mama 'Maneo, jirani yetu wa ng'ambo ya korongo. Simu yake haikosi chaji, kwa sababu umbea nao haukosi. Nikampigia kelele.

"Mpigie Tseliso! Mwambie asipande mlima!"

Akatokeza dirishani kwake, akaweka mkono sikioni. Upepo unakula maneno yote.

Mzee hana sauti, migodi ilimmaliza kifua. Akakohoa, akasema, "Binti, upepo huu unabeba neno moja tu. Litaje."

"Baba, siwezi."

"Litaje! Unataka nimzike mwanangu kwa ajili ya heshima?"

Nikafumba macho.

"Lehloaaa! Tseliso! Lehloaaa!"

Mama 'Maneo akashika mdomo, akafunga dirisha lake paa!

Nikajua basi, nimemvunjia mzee heshima bure na mume ndiye huyo anakwenda kufa. Tulikaa mle ndani tunachoma samadi tupate joto. Niliogopa hata kumtazama.

Siku ya tatu greda likafungua njia, tukasikia majembe mlangoni. Wa kwanza kuingiza kichwa alikuwa Tseliso, anacheka na machozi yanamtoka.

"Nilishaanza kupanda," akasema. "Mama 'Maneo akanipigia kukusengenya. Eti, 'Mkeo kapata wazimu! Yuko dirishani anamwita babako Lehloa, Lehloa, hana hata haya!' Nikajiambia, mke wangu hawezi kumtaja baba. Basi anachotaja siyo baba, ni theluji iliyoanguka. Nikageuza gari palepale."

Gari lililomtangulia mlimani walilichimbua kwenye theluji jioni ya siku ile ya tatu. Dereva alikuwa ameshakufa.

Mzee akaniambia, "Binti, kuanzia leo nikianguka mimi, sema baba. Ikianguka theluji, sema theluji."

Ndugu zangu, waheshimuni wakwe zenu, wangu namheshimu mpaka kesho. Lakini neno la kuokoa roho ya mtu msilizungushe, lisemeni lilivyo.

Na wambea msiwatukane sana. Mimi mmoja wao kanibakizia mume.