Ngurumo ya Bafle na Safari ya Mama

Sijui kama kuna kitu kinachonichokoza kuliko kelele isiyo na mwenyewe. Mbuzi akilia utamjua, jirani akipiga nyundo utamjua. Lakini ile ngurumo iliyotoka ndani ya bafle zangu, nguuuu, tangu jenereta inapowashwa hadi inapozimwa, haikuwa na mtu wa kugombezwa, na mimi ni mtu wa kutaka wa kumgombeza.

Bafle ndivyo tunavyoita spika kubwa hapa Kindu. Zangu nilizinunua kuukuu. Zilikuwa zimetumika miaka na miaka katika mikutano ya Chama, na watani wangu walisema zimemeza hotuba nyingi mno, sasa zinacheua. Niliziweka katika chumba cha mbele cha nyumba ya mama, pamoja na ampli ya kukuzia sauti, mashine ya kurekodi kanda, na kimeza, kile chombo chenye vifundo cha kuunganishia mikrofoni. Chumba nikakiita studio. Watu walikuja kurekodi salamu za kuwapelekea ndugu zao Kisangani, na ngurumo ilipokuwa ndogo hawakuijali. Mama alipougua, ilikuwa imeshakua na kuingia hata kwenye kanda.

Mama ndiye aliyewaongoza wanawake wa mtaa wetu katika kasida. Beti zote alikuwa nazo kichwani, kama alivyozipokea kwa mama yake, na wenzake walijua kuitikia tu. Daktari alimwekea mpira wake kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu, kisha akasema aende Lubumbashi kwa treni ya kwanza itakayopatikana, asingoje nyingine. Mama akakataa.

"Miye sipande treni kama sauti yangu haiyabakia hapa," aliniambia. "Nikifia kule, hawa wamama wataitikia nani?"

"Mama, kifua yako njo ya kwanza."

"Kifua yangu iko muzima! Ule munganga anapenda tu kutisha watu. Weye tengeneza mashini yako."

Basi mambo yakawa hivyo. Treni siku hizo haikuwa na ratiba. Ilikuja ilipojisikia, ikalala kituoni kidogo, ikapakia, ikaondoka, na ya kuifuata Mungu tu ndiye ajuaye. Ikituacha huku ngurumo ingali kwenye bafle, mama hangekwenda, na mimi nilikuwa nimemwona daktari usoni. Niliogopa sana. Sikukaa chini. Chakula nilikula nimesimama, mkono mmoja ukishika waya.

Nikabadilisha bafle ya kulia ikae kushoto: ngurumo ikabaki. Nikang'oa mikrofoni: ikabaki. Nikabadilisha waya zote za sauti, nikazitenga mbali na za umeme, nikamsihi jirani mwenye jenereta iliyotupa umeme azime friji yake. Friji ikazimwa, samaki wake wakaharibika, ngurumo ikabaki. Jirani alininunia, na haki yake.

Hapo lazima nieleze ugonjwa wetu watu wa Kindu. Huu ni mji wa reli, na sisi watoto wa wafanyakazi wa reli tunakiamini chuma cha reli kuliko dawa. Mashine yenye mwili wa chuma tunaifunga waya, waya tunautoa nje, tunaufunga kwenye kipande cha reli kuukuu kilichopigwa ardhini, umeme mbaya ukazikwe huko. Wenzangu walikuwa na kipande kimoja kimoja. Mimi nilikuwa na viwili, kimoja cha kimeza, kingine cha mashine ya kanda, na nilijiona bwana mkubwa.

Asubuhi moja treni ikapiga honi ikiingia kituoni, na ngurumo ilikuwa ingali palepale. Nilifanya nini? Nilikwenda kutafuta kipande cha tatu. Nilikipigilia nyuma ya jiko kwa hasira zote nilizokuwa nazo, nikaifunga ampli nacho kwa waya. Niliporudi na kuwasha, ngurumo ilikuwa kubwa hata glasi za mama zikatetemeka kabatini.

Nilikaa sakafuni nikataka kulia. Kisha nikajiuliza: nilichoongeza ni reli tu, na kelele imeongezeka. Nikaufungua waya wa tatu. Ngurumo ikashuka. Nikaufungua wa pili, ikatoweka kabisa, chumba kikanyamaza hadi nikasikia kuku nje wakiparua. Mashine zangu zilikuwa zimeshikana ndani kwa waya za sauti, na zimeshikana tena nje kupitia udongo. Umeme ulikuwa umepata duara la kuzunguka, na kuzunguka huko ndiko kulikonguruma. Reli moja ilizitosha zote.

Nikawaita wanawake mbio. Mama akaja na kitenge chake cha sikukuu, akakaa mkekani, mikrofoni karibu na mdomo. Waliimba vizuri, dufu likipigwa polepole. Alipomaliza aliniangalia kwa majivuno, akasema, "Tusikie."

Nikairudisha kanda nyuma, nikaicheza. Sauti yake ikajaa chumbani. Lakini kabla ya kila ubeti kulikuwa na kitu kingine, mluzi mwembamba wa kuvuta, na beti za mwisho zilikatika katikati ili mluzi ule upite. Wanawake waliangalia mkeka.

"Mwanangu," mama akasema, "kelele ingali iko."

"Hapana, mama. Ile imeisha."

"Na hii inapuliza hivi? Itoe nayo."

Nilishika vifundo vya kimeza bila kuvizungusha.

"Hii haitoke, mama. Njo pumuzi yako weye."

Akaniambia niicheze tena tangu mwanzo. Safari hii alisikiliza ameinamisha kichwa, kiganja chake kimelala kifuani, mpaka kanda ilipofika mwisho na kukatika.

"Treni iko inaondoka saa ngapi?" akauliza.