Mtaro Kati ya Nyumba na Jiko

Udongo mwekundu wa kwetu ukikatwa ukiwa mbichi hutoa harufu ya chuma na mizizi. Wiki iliyopita nilikuwa Keumbu nikisimamia vijana waliokuwa wakichimba mtaro kando ya barabara. Harufu hiyo ilipopanda nilijikuta nimekunja uso kabla sijajua sababu. Kijana mmoja akaacha sururu na kuniuliza, "Madam, tumeharibu?" Hawakuwa wameharibu chochote. Nilikuwa nimekasirishwa na mtaro mwingine kabisa, uliochimbwa Manga kabla sijazaliwa.

Watu huniuliza kwa nini mwanamke ambaye hakukanyaga chuo kikuu alijifundisha uhandisi wa ujenzi kwa vitabu vya mitumba visivyo na majalada. Wanatarajia niseme nilipenda madaraja. Ukweli ni kwamba niliichagua kazi hii kwa kuudhika, na nitawaeleza nilivyoudhika, hatua kwa hatua.

Mashamba ya Manga ni marefu na membamba kama mikanda. Kila moja huanzia barabarani, juu kabisa, na kushuka hadi mtoni, ili kila mwana apate njia, chai, migomba na maji. Babu alipowagawia baba yangu na baba mdogo Nyakundi, mpaka ulipita katikati ya boma lake mwenyewe. Nyumba ya nyanya ikabaki upande wa baba mdogo, jiko lake likabaki upande wetu. Ilipangwa hivyo makusudi: alale kwa mwana mmoja, apike kwa mwingine, asiwepo wa kusema mama ni wake peke yake. Mpaka wenyewe ulikuwa mtaro ulionyooka kama rula, na nyanya aliuvuka kwa ubao.

Sasa fikirini nami. Manga ni mlima. Mtaro unaoshuka mlima moja kwa moja ni njia ya maji, hata ukiuita mpaka. Maji yote ya barabarani yaliingia humo na kushuka mbio, yakila kingo pande zote mbili. Ubao wa kwanza, mama aliniambia, ulikuwa wa futi tatu. Nilipofika darasa la sita, nyanya alikuwa akivuka ubao wa futi tisa uliokuwa ukinesa katikati, sufuria mkono mmoja na ncha ya leso mkono mwingine.

Baba alisema ndugu yake anachokora ukingo kwa jembe ili ammezee shamba. Baba mdogo alisema hayo hayo kumhusu baba. Niliwasikia kwa miaka, hadi nikachoka. Nikachonga vigingi kumi vya mkaratusi, vitano kila upande, nikavipigilia mbali kidogo na ukingo. Kila Jumapili nilipima kutoka kigingi hadi ukingoni kwa tepu ya mama ya kushonea, nikaandika kwenye daftari la hesabu. Sisi ni Wasabato, kwa hiyo uharibifu wa mvua ya Jumamosi ulisubiri kupimwa kesho yake.

Naibu wa chifu alipokuja na wazee kusikiliza kesi ya mpaka, baba aliniamuru nisome. Nikasoma: upande wetu umeliwa futi moja na inchi sita, upande wa baba mdogo futi moja na inchi tano.

"Mmesikia!" baba akaruka. "Inchi moja zaidi!"

"Mtoto ni wako na tepu ni ya mke wako," baba mdogo akasema. "Ulitaka isome nini?"

Wazee wakacheka. Mmoja akanitazama kwa upole, akatangaza kwamba msichana huyu atakuwa wakili. Wote wakaafiki. Kuanzia siku ile hadi nilipomaliza sekondari, nyumbani niliitwa wakili, na kila nilipotaja uhandisi niliambiwa nisipoteze kipaji.

"Si watu wanaokula ukingo, ni maji," nikasema. "Tukate mtaro mwingine hapo juu, ukingame mlima, upeleke maji kwenye nyasi."

"Upite shamba la nani?" baba mdogo akauliza.

"Lolote. Lenu au letu, yote ni sawa."

Baba na baba mdogo wakatazamana. Kisha ndugu wale wawili, kwa mara ya kwanza siku ile, wakakubaliana jambo. "Kerubo," wakasema karibu kwa pamoja, "wageni hawajapewa chai."

Masika yalipofika, mvua ilimegua kingo zote mbili mchana mmoja na ubao ukaenda na maji. Nyanya alikuwa jikoni. Mvua ilipopungua akasimama mlangoni, akawaita wanawe wote wawili kwa majina, akawauliza kama wanataka alale na kuku.

Walikuja na mashoka. Waliangusha mikaratusi miwili, wakafunga kamba, mmoja upande huu na mwingine ule.

"Vuta, wewe! Umekula ugali au umekula maneno?" baba akapiga kelele.

"Nimekula jikoni kwa mama, upande wako. Kama sina nguvu, lawama ni yako!"

Wakacheka hadi gogo likawaponyoka. Kabla giza halijaingia daraja lilikuwa tayari, futi kumi na nne, mbao zimepigwa misumari juu na fito za kushikilia pembeni. Walilitembea huku na huko kama waliojengewa na serikali. Mimi nilisimama na daftari langu nikitaka kulia. Wanaume wawili wenye afya, zana mkononi, walikuwa wamemaliza nguvu zao kuyaruka maji, na jembe tu lingetosha kuyageuza.

Kesho yake nilimfuata nyanya jikoni. "Magokoro," nikamwambia, kwa jina tunalomwitia nyanya kwetu, "hili nalo litakuwa fupi. Hamisha jiko au hamisha nyumba, ukae upande mmoja."

Aliendelea kumenya ndizi. "Nihamie kwa nani, Kerubo?"

Nilikuwa na jibu tayari. "Kwa baba mdogo. Udongo wa upande wake ni mgumu zaidi kwa inchi moja."

Alicheka taratibu, akaniwekea ndizi ya kuchoma mkononi, kisha akachukua sufuria yake akavuka.

Miaka mingi baadaye, baada ya kusikiliza ugomvi wa mitaro kutoka Nyacheki hadi Keumbu, ndipo nilipoelewa. Baba na baba mdogo waliyaona maji waziwazi. Walichoogopa ni mtaro mpya, kwa maana kwetu mtaro ukipita shamba lako leo, kesho kuna atakayesema hapo ndipo mwisho wako. Kwa hiyo siku hizi, kabla sijapima mteremko, huuliza kwanza shamba ni la nani na amekosana na nani.

Bado naudhika. Zingetosha siku mbili za jembe. Nyanya alivuka kila siku hadi alipofariki, akipika kwa mmoja na kulala kwa mwingine, na daraja lile lilirefushwa mara mbili, kila mara na wanawe wote wawili. Mimi nilimjibu kuhusu udongo. Yeye alikuwa ameniuliza kuhusu watoto wake.