Kiti Nilichokataa Kulipia

Ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri zaidi. Katika kisa hiki mjinga ni mimi peke yangu, kwa hiyo aminini kwamba kilitokea. Na Neema yupo, muulizeni. Atawaongezea hata yale niliyoyaficha kwa aibu.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Naishi Carama, pembeni mwa jiji la Bujumbura, na mke wangu huwaambia watu kwamba nikienda dukani huaga kama naenda Ulaya. Lakini kaka yangu, anayefanya kazi Tanga, aliamua kumtuma mkewe tumwone kabla hajajifungua. Yeye mwenyewe alinyimwa ruhusa kazini, akanipigia simu: "Neema ana mimba ya miezi mitano. Namwacha mikononi mwako. Umufikishe nyumbani muzima, ni hilo tu."

Ni hilo tu! Mimi hofu yangu ilikuwa moja: madereva wa teksi. Mnadhani mgeni anajulikana kwa ngozi peke yake? Hapa Bujumbura Mtanzania anajulikana akifungua mdomo. Akisema "samahani, naomba kuuliza", bei imeshapanda mara tatu kabla hajauliza. Basi pale uwanja wa ndege, baada ya kumpokea, nikampa masharti.

"Shemeji, kuanzia sasa mpaka nyumbani wewe ni bubu."

"Hata kusalimia?"

"Kusalimia ndiyo kabisa usithubutu."

Akacheka, akajiziba mdomo kwa mtandio.

Ilikuwa saa kumi alasiri, mvua inamwagika. Esansi, yaani petroli, ilikuwa haipatikani siku zile. Dereva aliyepata chupa chache kwa njia za panya alichukua watu wanaoelekea upande mmoja, kila mtu akalipia kiti chake. Nikampata mmoja, kijana mwembamba mwenye kofia ya sufu. Nilibishana naye mpaka nikalowa kama kuku aliyetolewa ndooni, yeye akiwa chini ya mwavuli. Mwishowe tukapatana.

"Ni kwa kichwa, muzee," akasema.

"Kwa kichwa," nikajibu, najiona mshindi.

Neema alikuwa ameshaingia nyuma. Mimi nikakaa mbele kama bosi, nimtazame dereva asije akatuzungusha. Sikugeuka nyuma hata mara moja. Kumbukeni hilo.

Kuna njia ya mkato ya kuja kwetu, inapita Buterere katikati ya mashamba ya mpunga, juu ya kidaraja cha mbao. Ndiyo tuliyokubaliana. Tulipofika njia panda dereva akapunguza mwendo, akatazama kioo, akasema, "Ego, mama," yaani ndiyo, kwa Kirundi. Kisha akakata kona kurudi kwenye lami, njia ndefu ya kuzungukia mjini.

Damu ikanipanda. Si ndiyo mchezo wao huo? Wakimpata mgeni wanamtembeza mji mzima, halafu wanadai pesa ya matembezi.

"We! Njia ni ile!"

"Mama wa nyuma amekataza tusipite kule."

"Mama gani? Ule ni bubu!"

"Bubu? Mbona anaongea Kirundi muzuri?"

Neema, Kirundi! Nikasema leo nimekutana na fundi wa uongo. "Geuza gari, ao sikulipi hata faranga moja!"

Hapo mkono ukanigusa begani kutoka nyuma. Mara mbili, taratibu, kama mama anavyomtuliza mtoto. Ulikuwa wa baridi, wa majimaji. Nikajua ni Neema ananiomba nisimtie aibu. Nikakunja mikono kifuani, nikanuna mpaka Carama.

Tulipofika dereva akasema, "Viti vitatu."

"Tuko babili!"

"Muko batatu, muzee. Wewe, huyu mama wa mimba, na ule mama mwenzake."

Sasa ndipo nikageuka. Neema alikuwa peke yake. Dereva naye akageuka. "Ameshuka wapi?" akauliza.

Niliona ni usanii mtupu. Nikalipa viti viwili, nikamtoa Neema, nikabamiza mlango. Kijana akapiga kelele, "Muzee, unaniibia!" Na mimi, Mungu anisamehe, nikaingia ndani natembea kama jenerali.

Ndani, Neema akateremsha mtandio. "Shemeji, naruhusiwa kusema?"

"Sema."

"Umeniaibisha sana. Yule mama kanishika mkono njia nzima, nami hata shikamoo sikumpa."

Akanieleza. Mama mtu mzima, kitenge kimelowa chote, miguu ina tope mpaka magotini, ananuka mpunga mbichi. Alimkuta ameshakaa mle nyuma, akadhani ni abiria mwingine. Pale njia panda alimwambia dereva neno moja tu kwa Kirundi. "Na ulipoanza kupayuka, akakugusa bega. Tulipokaribia huku nilisinzia kidogo, nikadhani mmemshusha."

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka! Nikamwambia safari imemchosha.

Giza lilipoanza kuingia jirani yetu akapita, suruali ameikunja, viatu mkononi. Kidaraja cha Buterere kimekwenda na maji, akasema, tangu saa kumi na nusu. Kilikwenda na gari la makaa; watu wake walitokea dirishani, wakaponea kwenye mpunga. Saa kumi na nusu. Tungekuwa wapi sisi, kama mimi ningesikilizwa?

Nikavua shati. Begani kulikuwa na tope, vidole vinne vilivyonyooka. Mke wangu akataka kulifua, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu nikamkataza kufua.

Siku tatu mfululizo nilikwenda uwanja wa ndege kumtafuta yule kijana. Mimi, mtu wa nyumbani! Siku ya tatu nikampata. Nikamweleza yote. Akavua kofia, akageuka kutazama kiti cha nyuma.

"Sasa, muzee, kile kiti cha tatu?"

"Nimekuleteya."

"Ile ilikuwa bei ya siku ile. Leo ni mara tatu."

Bei ya mgeni kabisa! Nikalipa bila kubishana, na nikasema asante. Mara mbili.

Neema alijifungua salama, mtoto wa kike mwenye sauti kama honi. Kila akipiga simu ananiuliza kama nimeshamwona yule mama, nimfikishie shikamoo yake. Sijamwona. Lakini kila nikipanda teksi nafanya lile ambalo sikulifanya siku ile, na wewe nakusihi ufanye hivyo. Patana bei kabla ya kuingia, usione haya, na mgeni wako usimwache apigwe bei. Ila kabla hujafunga mlango, geuka nyuma usalimie. Na dereva akikuhesabia kichwa usichokiona, lipa, wala usidai risiti.