Kigari cha Clive Chatoka Gerejini

Clive Ashworth, fundi bomba wa mji wa Rochdale, Uingereza, alilichinja gari bovu la shemeji yake. Akachukua injini, giaboksi na ekseli, akavifunga kwenye fremu ya kigari cha mbio aliyoichomelea mwenyewe gerejini. Mkewe Beryl akampa sharti: kisipotoka leo kwa nguvu zake chenyewe, fremu inakwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na gereji inakuwa yake Beryl.

Injini ikanguruma kwa mara ya kwanza. Clive akacheka peke yake, akatia gia, akaachia klachi. Kigari kikaruka kidogo, kikazima. Akajaribu tena, kikazima.

"Nimwite mwenye lori la chuma chakavu?" Beryl akauliza mlangoni, kikombe cha chai mkononi.

"Ngoja kwanza, mke wangu. Nimeshaona tatizo."

Pedali alizibananisha mno. Buti lake la kazi likikanyaga mafuta, linakanyaga na breki. Akavua mabuti, akayatupa nje, akakanyaga kwa soksi. Kigari kikachomoka kama kimefukuzwa, kikampita Beryl, kikashika kichochoro huku Clive akishangilia kama mtoto.

Aliporudi, Beryl alikuwa ameshaweka kikombe chini.

"Gereji baki nayo," akasema, akipandisha mguu kuingia kwenye kigari. "Ila mimi nazungushwa kwanza."